Linné: alishuka mgodini kabla ya kuupa jina mti wa milima yetu

Ukisimama pwani ya Swima asubuhi, wakati mitumbwi ya ndagala inarudi, geuka uache ziwa nyuma yako, kisha tazama juu. Milima inaanzia karibu kabisa na nyumba. Huko juu kabisa, fasi ambapo ukungu hauondoki mpaka saa nne, katika misitu ya milima ya Kivu yetu hii, kuko mti mmoja unaopenda kukaa kando ya vijito. Wengi wetu tumeupita bila kuutazama mara mbili. Gamba lake ni la kijivu kinachoelekea weupe. Majani yake yanang'aa na hayapukutiki, kiangazi wala masika. Maua yake ni madogo na meupe, na wakati wake ukifika unajaa matunda mekundu, madogo madogo, ambayo ndege wanayagombania. Ukisugua majani yake ndani ya maji yanatoa povu sawa vile sabuni.

Kila lugha ya milimani ina jina lake kwa mti huu. Katika vitabu vya wataalamu unaitwa Ilex mitis. Ukoo huo wa Ilex ni mkubwa, una aina zaidi ya 600 duniani. Wasomaji wanaopokea kadi za Noeli kutoka Ulaya wamekwisha kumwona ndugu yake mmoja: yale majani yenye miiba na matunda mekundu yanayochorwa pembeni ya kadi, Wafaransa wanayaita houx. Ndugu wengine wako mbali zaidi, kwenye visiwa vya bahari ya Atlantiki, Madeira na Kanari. Huko wanaishi katika misitu ya ukungu inayofanana sana na ile ya juu kwetu, majani mabichi mwaka mzima, maji yakidondoka hata siku isiyo na mvua. Mmoja unaitwa Ilex canariensis, mwingine Ilex perado. Wa kwetu hauna miiba. Ndo maana ukaitwa mitis, yaani mpole.

Sisi watu wa machimbo tunaujua mti kwa namna nyingine. Vijana wanaoweka miti shimoni, wale tunaowaita boiseurs, hawaulizi mti unaitwa nani. Wanauliza kama umenyooka, kama una unene wa kutosha, na kama uko karibu na kariyeri ili mgongo usichoke kuubeba. Mti wa kijitoni uko karibu siku zote, maana dhahabu nayo inatafutwa kijitoni. Hatuwalaumu. Shimo lisipowekwa miti linaua, na kila familia inayosoma ukurasa huu inajua hilo bila kufundishwa.

Leo tunasimulia maisha ya mtu aliyeuingiza mti huu katika vitabu vya dunia. Watoto wetu wa sekondari, wale wa masomo ya sayansi, wanamjua vizuri, hata wanamchukia kidogo wakati wa mtihani: Linné. Kwa sababu yake wanalazimika kuandika majina mawili ya Kilatini kwa kila mmea na kila mnyama. Kitu ambacho mwalimu hana muda wa kuwaambia ni kwamba mtu huyu alishuka ngazi za mgodi akiwa kijana, akaona wachimbaji wanavyoishi na wanavyokufa, na akaoa binti wa mji wa machimbo.

Alizaliwa tarehe 23 Mei 1707 katika kijiji cha Råshult, kusini mwa Uswidi. Baba yake, Nils, alikuwa mchungaji wa kanisa na mpenda bustani. Wakulima wa fasi ile zamani hawakuwa na jina la ukoo kama tunavyolijua sasa. Mtu aliitwa kwa jina la baba yake, basi. Nils alipoingia chuo kikuu akaambiwa achague jina. Akachukua la mti mkubwa uliosimama kwenye ardhi ya familia, mti ambao Waswidi wanauita lind, akaligeuza kwa Kilatini: Linnaeus. Kwa hiyo huyu atakayeipa miti majina, yeye mwenyewe aliitwa kwa jina la mti.

Nyumbani walitaka mtoto awe mchungaji kama baba. Mtoto alitaka majani. Shuleni Växjö walimu walimwambia Nils kwamba kijana hatafika popote katika mambo ya kanisa, na husimuliwa kwamba mzee alifikiria kumpeleka ajifunze kushona. Aliyemwokoa ni daktari wa mji, Johan Rothman, ambaye pia alifundisha pale. Alimwambia mzee kwamba mtoto anayejua mimea hivyo anaweza kuwa daktari mzuri, maana wakati ule dawa na mimea vilikuwa kitu kimoja. Kila mzazi aliye na mtoto mwenye kichwa kigumu amtafute Rothman wake.

Mwaka 1727 akaenda chuo cha Lund, mwaka uliofuata akahamia Uppsala. Pesa hakuna. Husimuliwa kwamba alitia karatasi ndani ya viatu ili aweze kutembea. Siku moja mzee Olof Celsius, mwanatheolojia aliyependa mimea, alimkuta katika bustani ya chuo, akaona kwamba kijana huyu mwenye nguo mbovu anajua mimea kuliko watu wengi, akamchukua nyumbani kwake, akampa chumba na chakula. Mwaka 1732 Linné alitumwa kaskazini, nchi ya Wasami wafugaji wa kulungu, akatembea miezi kama mitano kwenye baridi na matope. Hiyo safari imeandikwa na watu wengi, tunaiacha.

Sisi tunataka kwenda Falun.

Falun ni mji wa Uswidi wa kati, katika mkoa wa Dalarna, na kwa muda wa miaka mia nyingi mgodi wake wa shaba ulilisha ufalme mzima. Katika karne ya 17 sehemu kubwa ya shaba ya Ulaya ilitoka katika shimo lile moja. Walichimba bila mpango, kila kikundi kikifuata mshipa wake, mashimo yakapishana na kukatana, mpaka mlima ukachoka. Mwaka 1687, mwezi wa Juni, upande mzima ukaporomoka, likabaki shimo kubwa la kutisha ambalo wageni wanaenda kulitazama mpaka leo. Hakufa hata mtu mmoja. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya katikati ya kiangazi, na wachimbaji walikuwa wamepumzika nyumbani. Tukisoma habari hiyo hapa kwetu tunanyamaza kidogo, kila mtu akihesabu siku ambazo kwake hazikuwa sikukuu.

Linné alifika Falun mara ya kwanza wakati wa Noeli ya mwaka 1733, akarudi mwaka 1734 akiongoza vijana kadhaa wa chuo, kwa gharama za gavana wa mkoa, Nils Reuterholm, aliyetaka kujua mkoa wake una utajiri gani. Hakubaki juu kusikiliza hadithi. Alishuka. Aliyoyaandika baadaye yanaonyesha mtu aliyeshtuka. Ngazi zilifungwa moja chini ya nyingine juu ya giza, zikitikisika. Chini kulikuwa na joto, moshi na masizi, maana mwamba ulikuwa unapashwa moto wa kuni ili upasuke. Wanaume walifanya kazi vifua wazi, wamefunga kitambaa cha sufu mdomoni ili wasivute moshi na vumbi lote, jasho likiwatoka kama maji, mawe yakiweza kuanguka saa yoyote. Aliandika kwamba picha ya jehanamu ambayo wachungaji wanaichora kanisani haizidi fasi ile. Juu ardhini, moshi wa tanuru za kuchomea mawe ulikuwa mkali mpaka mimea haikuota karibu. Yeye, mtu wa majani, hilo lilimgusa pia.

Safari hiyohiyo ilimfikisha Orsa, fasi ambapo watu walichonga mawe ya kunolea. Aliona kwamba wanaume wa kazi ile wanakufa vijana, vifua vimeharibika, na akasema sababu ni vumbi la mawe wanalovuta. Hii ilikuwa mwaka 1734. Madaktari wa leo wana jina la ugonjwa huo na picha za mapafu, lakini jambo lenyewe ni lile alilolisema. Mama zetu wanaotwanga mawe ya dhahabu toka asubuhi mpaka jioni, uso mweupe kwa vumbi, mtoto mgongoni, wanaweza kujua kwamba karibu miaka 300 iliyopita mtu mmoja alilitazama vumbi hilo na hakulipita.

Kule Falun kulikuwa pia na maiti. Mwaka 1677 mchimbaji kijana, Mats Israelsson, alishuka peke yake na hakupanda tena. Mwaka 1719, miaka 42 baadaye, wenzake walimkuta katika njia ya zamani iliyojaa maji, mwili mzima, uso wa kijana kabisa, maana maji ya mgodi yenye chumvi ya shaba na chuma yalikuwa yamemhifadhi. Hakuna aliyemtambua mpaka alipofika mwanamke mzee, Margareta Olsdotter, aliyekuwa mchumba wake. Yeye alikuwa na mvi, mchumba bado kijana. Badala ya kumzika, wakuu wa mgodi walimweka watu wamwangalie. Linné naye alimwona, akasema kwa macho ya mwanasayansi kwamba chumvi ndiyo inayomshikilia na kwamba mwili utaoza pole pole. Alisema kweli. Lakini ilibidi kungoja mpaka mwaka 1930 ndipo Mats akapata kaburi la kudumu. Tunaona aibu hiyo ni kubwa kuliko ajabu yenyewe.

Linné alijifunza pia kupima madini, yaani kuyeyusha kipande kidogo ili ujue mzigo mzima una thamani gani, akafundisha wengine kazi hiyo apate pesa ya kula. Na Falun akapata mke. Sara Elisabeth Moraea, binti wa daktari wa mji, alikuwa na miaka 18. Baba yake hakukataa, lakini alimtaka kijana kwanza aende nje akachukue udaktari, kisha arudi na kitu mkononi. Kwa lugha ya kwetu, aliombwa mahari ya karatasi.

Mwaka 1735 akaenda Uholanzi. Udaktari aliupata katika chuo kidogo cha Harderwijk, kwa muda wa wiki moja hivi, na kitabu chake kilihusu homa zinazokuja na kuondoka, homa tunazoziita malaria. Alidai kwamba zinatokana na kuishi kwenye ardhi ya udongo wa mfinyanzi. Alikosea kabisa, mbu hakumfikiria. Mwaka huohuo akachapisha kitabu chake cha kwanza kikubwa, Systema Naturae. Kilikuwa na kurasa chache tu, kubwa kama meza, na ndani yake aligawa vitu vyote vya dunia katika falme tatu: mawe, mimea, wanyama. Mawe aliyaweka ndani sababu alikuwa ameyashika kwa mkono. Tajiri mmoja wa Uholanzi, George Clifford, akamwajiri katika bustani yake, na pale Linné alifaulu kuufanya mgomba utoe maua na ndizi katika nyumba ya vioo. Watu walikuja kuangalia. Kwetu Swima mgomba unazaa nyuma ya jiko bila kuombwa. Huko ulikuwa habari ya kuandika kitabu, na kweli akaandika.

Alirudi Uswidi mwaka 1738, akafungua kazi ya udaktari Stockholm, akitibu vikohozi na magonjwa ya zinaa ya vijana wa mji. Juni 1739 akamwoa Sara Elisabeth, nyumbani kwa wazazi wake karibu na Falun. Mwaka 1741 akawa profesa Uppsala, na hapo akakaa maisha yake yote. Walipata watoto saba, wawili wakafa wadogo.

Sasa, yale majina. Kabla yake mmea mmoja uliweza kubeba maneno kumi ya Kilatini, na kila mtaalamu aliongeza lake. Biashara ya dawa ilikuwa fujo, hakuna aliyejua kama wa Paris na wa London wanasema mmea mmoja. Linné akafanya kama watu wanavyofanya kijijini: jina la ukoo, kisha jina la mtoto. Ilex ni ukoo. Aquifolium ni yule wa Ulaya mwenye miiba. Maneno mawili, basi. Mwaka 1753 alitoa Species Plantarum, aina karibu 6,000 za mimea kutoka kila upande alioweza kufikia. Mwaka 1758 akafanya vile kwa wanyama. Kahawa yetu ya milimani, Coffea arabica, alama yake ya L. mwishoni ni yeye.

Kupanga alipanga kwa kuhesabu viungo vya kiume na vya kike ndani ya ua. Kuna wakubwa wa dini na wa elimu waliona haya, wakasema anafundisha uchafu. Njia yenyewe ilikuwa rahisi, hata mtoto aliweza kuitumia, na hilo ndilo liliifanya ienee. Lakini ilikuwa na kasoro ya mtu anayehesabu tu. Ukoo wa Ilex aliuweka kwenye kundi la nne: viungo vinne vya kiume, vinne vya kike. Mti wetu wa milimani hauna nidhamu hiyo. Ua moja lina petali nne, jirani yake tano, lingine hata zaidi.

Wasomaji wa hapa watapenda jambo jingine. Linné aliumia kuona fedha ya Uswidi inapakiwa melini kwenda China kununua chai. Alitaka chai ioteshwe Uswidi, ili madini yabaki nyumbani. Mwaka 1763 nahodha mmoja alimletea miche hai. Haikuvumilia baridi. Tumeishi tukiangalia dhahabu ya Fizi ikivuka ziwa ndani ya mifuko ya suruali, kwa hiyo hatuwezi kumcheka.

Yeye mwenyewe baada ya ndoa hakutoka tena nje ya Uswidi. Alituma wanafunzi. Aliwaita mitume, nao walikuwa 17, na saba hawakurudi. Wa kwanza, Christopher Tärnström, alikufa mwaka 1746 njiani kwenda China, akaacha mke na watoto. Mjane alimjia Linné juu, akamwambia yeye ndiye aliyewafanya watoto kuwa yatima. Baada ya hapo Linné alituma wasio na wake. Ndo suluhisho lake lilikuwa hilo: hakuacha kutuma, alibadilisha anayetumwa. Pehr Löfling akafa Venezuela mwaka 1756, Pehr Forsskål akafa Yemeni kwa malaria mwaka 1763. Majina yao tunayajua. Majina ya wenyeji waliowaonyesha njia, waliobeba mizigo na kuwaambia mmea huu unatibu nini, hayakuingia katika vitabu.

Mwaka 1767, akiwa na miaka 60, Linné aliuandika mti wetu. Hakuwahi kukanyaga Afrika. Alichokuwa nacho ni kile kilichofika kwa meli kutoka kusini ya bara. Akauita Sideroxylon mite. Neno la kwanza maana yake ni mti wa chuma. Aliuweka katika ukoo usio wake, ukoo wa miti yenye mbao nzito, akaongeza kwamba ni mpole, kwa hiyo ukawa chuma mpole. Boiseur yeyote angemsahihisha kwa kupiga panga moja: mbao yake ni nyeupe, ngumu kiasi, na chuma hakuna. Lakini boiseur hakuwepo Uppsala.

Tungetaka kuishia hapo, tuseme ni kosa dogo la mtu aliyekuwa mbali. Kuko lingine, na halikuhusu mti. Katika vitabu vyake Linné aliingiza mtu katika hesabu ya wanyama, akamwita Homo sapiens, jambo lililohitaji ujasiri wakati ule. Kisha akamgawa mara nne, kwa bara na rangi, na mwaka 1758 akaongeza tabia. Mzungu alimpa akili ya kubuni na kutawaliwa na sheria. Mwafrika alimwandika mjanja, mvivu, mzembe, anayeongozwa na matakwa ya saa ile. Aliandika hivyo katika kitabu kilekile cha majina, kwa herufi zilezile, na wasomaji wakakipokea kama walivyopokea jina la kahawa. Habari yake ilitoka kwa wenye meli na wenye mashamba, watu waliokuwa wakinunua na kuuza binadamu. Miaka zaidi ya 100 baadaye, waliokuja nchi hii kuchukua pembe na mpira, halafu madini, walikuwa na mawazo ya namna ile vichwani, na walilazimisha kazi wale waliowaita wavivu.

Tumelifikiria sana hili. Kule Falun aliona watu weusi kwa masizi, maskini, wasioheshimiwa na mtu, na hakusema ni wavivu. Alisema wanateseka, akaeleza moshi, ngazi, vumbi, saa za kazi. Alikuwa ameshuka mwenyewe, amesimama karibu nao mpaka jasho lake likachanganyika na lao. Kwa Mwafrika hakushuka ngazi yoyote. Tunamheshimu yule wa ngazi za Falun, na huyu wa mwaka 1758 tunamkatalia mpaka leo. Ni mtu mmoja, hatuwezi kumkata vipande viwili ili tupate wa kupenda.

Mfalme alimpa cheo cha ukuu, akawa Carl von Linné. Alinunua shamba la Hammarby nje ya Uppsala, akawa anapokea wanafunzi huko wakati wa kiangazi. Mwaka 1774 alipooza kwa mara ya kwanza, akapooza tena baada ya miaka miwili. Miguu ilimwacha, kisha maneno. Husimuliwa kwamba alifika mahali pa kusahau jina lake mwenyewe, na kwamba aliwekewa vitabu vyake mbele, akavisifu kama kazi ya mtu mwingine. Alikufa tarehe 10 Januari 1778, akazikwa katika kanisa kuu la Uppsala.

Sara Elisabeth alibaki na mabinti na deni la maisha. Mtoto wao wa kiume, aliyechukua kazi ya baba, alikufa mwaka 1783. Mwaka uliofuata mama akauza vyote: mimea mikavu, vitabu, barua, konokono, mawe. Mnunuzi alikuwa kijana Mwingereza, James Edward Smith, kwa gini 1,000. Waswidi wengine walilalamika kwamba mali ya taifa imetoka nje. Mjane alikuwa na nyumba ya kulisha. Sehemu kubwa ya vitu hivyo iko London hadi sasa. Mgodi wa Falun wenyewe ulifungwa mwaka 1992. Sasa watalii wanashuka na kofia za plastiki.

Mti wetu ulingoja karne nzima kusahihishwa. Ludwig Radlkofer, mtaalamu wa Munich, ndiye aliyeutoa kwenye ukoo wa chuma akaurudisha kwa ndugu zake wa Ulaya, Madeira na Kanari. Jina la mtoto hakulibadilisha: mitis likabaki, na herufi L. ya Linné imebaki ndani ya mabano mbele ya jina la Radlkofer.

Jambo moja la ukoo huu halikuonekana katika hesabu ya nne kwa nne, na sisi wa machimbo linatuhusu. Katika ukoo wa Ilex, mti mmoja ni wa kiume, mwingine ni wa kike. Yote miwili inachanua, yote miwili ina maua meupe yanayofanana kwa mbali. Matunda mekundu yako kwa ule wa kike tu, na anayapata ikiwa mwenzake yuko karibu vya kutosha nyuki wafike. Kijana anayetafuta mti wa kuwekea shimo hawezi kujua ni upi, kama si msimu wa matunda. Anakata uliosimama karibu. Ukibaki wa kiume peke yake kwenye kijito kile, utachanua kila mwaka kama kawaida, nyuki watakuja, na ndege hawatapata kitu.